Dau la Pili

Ukishuka matatu pale Ruiru na kuuliza watu wanajua nini kuhusu mnada, wengi watakutajia okshenia. Huyo ni mtu wa kuogopwa. Anakuja asubuhi na lori na vijana wanne, anabeba sofa na televisheni, na majirani wanasimama kwenye balkoni wakiangalia bila kusema kitu. Ukisikia jina lake limetajwa kwa ploti yenu, unaenda kuangalia kama mlango wako umefungwa.

Lakini upande huu wetu umekula mkate wa mnada miaka mingi. Kabla ya haya maghorofa, kuanzia Ruiru hadi Juja na Thika ilikuwa kahawa tupu. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa hapa Ruiru, na aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imebeba jina la mji wetu hadi mbali. Kahawa hiyo ilinadiwa Nairobi, na bei iliyopatikana huko ndiyo iliyoamua kama mtoto wa Gatundu atarudi shuleni na karo au na barua ya kuomba muda. Chai nayo ilianza kunadiwa Nairobi mwaka 1956, mnada ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mwaka 2020, corona ilipowafungia watu nyumbani, ukahamia kwenye kompyuta.

Kunadi ni kutangaza kwa sauti. Ndiyo maana ukifika mnada wa ng'ombe au wa samaki unasikia kelele kabla hujaona bidhaa. Mnada wa simu umeondoa sauti. Uko kwa matatu, umekwama Githurai, na kidole chako kinashindana na kidole cha mtu usiyemjua. Hakuna wa kukukonyeza kwamba hiyo bei imepita. Kwa hivyo mambo ambayo zamani ungeyasoma kwa nyuso za watu, sasa lazima uyajue kabla hujabonyeza.

Mimi niliingia kwa sababu ya dada yangu. Anashona Makongeni, Thika, hasa sare za shule. Ana cherehani mbili nzuri, lakini hana ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo ili kitambaa kisichanike nyuzi. Kila sketi na kila shati anapeleka kwa jirani, analipa kwa kila nguo, na msimu wa shule kufunguliwa anapanga foleni na mafundi wengine hadi usiku. Zamu yake ya chama ilipofika alipata shilingi 40,000. Mashine mpya aliyokuwa anaitaka ilikuwa juu ya hapo. Akanitumia tangazo kwa WhatsApp na maneno matatu: "Hii ni ukweli?"

Tangazo lilikuwa la mnada wa mtandaoni. Vitu vilikuwa vimechukuliwa kwa wateja walioshindwa kulipa mikopo: pikipiki kumi na kitu, friji, majiko ya kuoka, na mashine tatu za kushona. Yadi ilikuwa Ruiru, upande wa Eastern Bypass.

Swali la dada yangu ndilo swali la kwanza la kila mtu anayeanza, na jibu lake halipatikani kwa kuangalia picha. Kenya okshenia hajitangazi tu. Kuna Sheria ya Madalali wa Mnada ya mwaka 1996, na kuna Bodi ya Leseni inayowapa kibali. Kwa hivyo unatafuta jina la aliyetangaza, unahakikisha ana leseni, unaona kama kitu kina mahali kilipo na siku za kukiangalia. Tangazo linalokuambia utume pesa kwa nambari ya simu ya mtu ili "ushikiwe" kitu kabla hujakiona, hilo si mnada. Huo ni mtego. Vilevile kaa mbali na ile michezo ambapo unalipia kila dau unaloweka, ushinde usishinde. Wajerumani walikuwa na moja maarufu, Swoopo, iliyoanza mwaka 2005 kwa jina la Telebid na kufungwa mwaka 2011. Mmoja alikuwa anapata kompyuta kwa bei ya chakula cha mchana, na mamia walikuwa wamemlipia.

Letu lilikuwa la ukweli. Tukajiandikisha kwa kitambulisho na PIN ya KRA, tukaweka amana ya shilingi 5,000 ambayo hurudishwa usiposhinda, tukapewa nambari ya mshindani. Halafu nikasoma masharti yote. Watu hawasomi masharti, na masharti ndiyo mnada wenyewe. Yetu yalisema vitu vinauzwa kama vilivyo na mahali vilipo. Maana yake ukifika nyumbani ukute mota imeungua, hiyo mota ni yako. Yalisema kuna bei ya chini ambayo haitangazwi, na dau lisipoifikia muuzaji anaweza kukataa kuuza. Yalisema VAT ya asilimia 16 inaongezwa juu ya bei utakayoshinda. Yalisema mshindi amalize kulipa ndani ya saa 48, akishindwa amana inaliwa, na asipobeba mzigo wake mapema yadi inamtoza kwa kila siku.

Hapo ndipo hesabu inaanzia, na inaanzia mwisho kurudi mwanzo. Tulikuwa na 40,000. Pikapu ya kutoa mashine Ruiru hadi Makongeni, 2,000. Fundi, sindano na mafuta, 3,000. Zinabaki 35,000. Gawanya kwa 1.16 kutoa kodi, unapata 30,172. Kwa hivyo kikomo chetu kilikuwa 30,000, hata kama kwa simu tungeona bei ya 32,000 ikionekana rahisi. Dada yangu aliandika hiyo nambari kwa chaki ya fundi kwenye meza ya kukatia nguo.

Kama ungekuwa unanunua pikipiki au gari, kazi ingeongezeka. Ungetafuta rekodi za gari kwa NTSA ujue jina la mwenyewe, na ungeangalia sajili ya dhamana iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ya haki za dhamana kwa mali inayohamishika, ujue kama kuna mkopeshaji mwingine anayeidai. Ungeuliza pia ni karatasi gani okshenia atakupa za kuhamisha umiliki, maana gari bila hizo ni chuma cha kuangalia. Na hata yale magari yanayong'aa kwa yadi za Kamakis, mengi yalishapita mnadani huko Japani kabla ya kupanda meli. Huko kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama: 4.5 ni safi sana, 3.5 imetumika, R ina historia ya kugongwa na kutengenezwa. Mchoro wa bodi una herufi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa. Muuzaji akikuambia gari lilitoka mnadani, muombe hiyo karatasi.

Ardhi ni ligi nyingine kabisa. Amana ya nyumba ya benki huwa ni asilimia kubwa ya bei, na salio hulipwa kwa kawaida ndani ya siku 90. Hapo usiende na simu tu, nenda na wakili.

Siku ya kuangalia vitu tulienda yadi. Kijana wa mlangoni akaandika nambari yetu kwa daftari, akatupitisha katikati ya pikipiki zilizopangwa kama viti vya kanisa. Nyingi bado zilikuwa na maneno ya wenyewe kwa mkia: majina ya watoto, sala, timu za mpira. Ovaloki ilikuwa mwisho, chini ya turubai. Dada yangu akaiinamia, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Akafungua kifuniko akaangalia visu. Akanusa mafuta. Ubavuni mwa meza yake kulikuwa na utepe wa kupimia uliogandishwa kwa gundi, umechakaa pale katikati, kwenye vipimo vya kiuno cha mtoto.

"Huyu alikuwa anashona sare," dada yangu akasema.

Mama mmoja alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo. Nilidhani ni mnunuzi. Alikuwa na kitambaa kichwani na mkoba mweusi ameushikilia kwa mikono miwili. Alipoona tumekaa na ile mashine muda mrefu, akakaribia.

"Mnaiangalia kununua?"

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Ilikuwa yangu."

Hakuna mtu anakufundisha la kusema hapo. Dada yangu alitoa mkono kwenye mashine kama aliyeguswa na pasi. Akamwambia pole. Yule mama akatikisa kichwa kama mtu ambaye pole ameshazipokea za kutosha. Akatueleza bila machozi: alikopa kununua mashine, akaiweka hiyo hiyo dhamana, shule moja ikachelewa kumlipa mihula miwili, na riba haikungoja shule. Alikuwa amekuja kuuliza kama anaweza kulipa aikomboe. Sheria inamruhusu, mpaka mali iuzwe. Lakini kiasi alichokuwa nacho kwa mkoba hakikutosha.

Mimi nilijua kwamba vyombo vya kazi vya mtu vinalindwa, kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinazuia kukamatwa kwa vifaa ambavyo mtu anavihitaji kwa ufundi wake. Nikamuuliza kama alijua hilo. Akajua. Ameshauliza. Ulinzi huo ni wa yule ambaye korti inataka kumkamatia mali ili alipe hukumu. Yeye aliitoa mashine mwenyewe, kwa sahihi yake, iwe dhamana.

"Basi sisi tuiache, Mama," dada yangu akasema. "Hatutaiguza."

Nilitegemea ashukuru. Badala yake alimkazia macho dada yangu, kama mwalimu mbele ya mtoto aliyejibu swali haraka bila kulisoma.

"Ukiiacha itanisaidia nini? Itachukuliwa na mtu wa kuuza vyuma kwa elfu kumi. Deni langu ni kubwa kuliko hiyo. Kile kitabaki nitaendelea kulipa, na mashine sina. Mtoto wangu, kama unaitaka, itake kweli. Weka pesa."

Halafu akaingia ofisini kuongea na watu wa yadi, na hatukumwona tena.

Tulitembea hadi stendi bila kuongea. Alichosema ni sawa na sheria inavyosema. Mali iliyowekwa dhamana ikiuzwa, bei inapunguzwa kwenye deni. Ikizidi, kilichobaki ni cha mwenye mali. Ikipungua, anaendelea kudaiwa. Kwa nyumba na ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hata inamlazimisha mkopeshaji kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, na nyumba ikienda chini ya asilimia 75 ya bei ya soko, mwenye mali ana pa kuanzia akienda kortini. Lakini ovaloki haina wakili. Bei yake inategemea ni watu wangapi wametoka nyumbani wakiwa wameitaka kweli.

Sisi vijana wa mjini tunaongea kuhusu mnada kama mahali pa kuokota. "Nilipata kwa bei ya kutupa." Hatuulizi ni nani ametupa. Yule mama hakututaka tumwonee huruma. Alitutaka tushindane.

Na kuna mtu aliyewahi kuandika hesabu za jambo hili. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alieleza mnada ambapo anayeweka dau kubwa zaidi anashinda, lakini analipa bei ya dau la pili. Akaonyesha kwamba katika mnada wa namna hiyo huna sababu ya kudanganya: andika thamani ya kweli uliyo nayo moyoni, basi. Ukiandika chini unaweza kukosa kitu ambacho ungekilipia kwa furaha, na ukiandika juu unaweza kulipa bei utakayoijutia. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1996 na akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Minada mingi ya mtandaoni inafanya kazi karibu na wazo hilo. Unaipa mashine kikomo chako kwa siri, nayo inakupigania hatua kwa hatua, kiasi tu cha kumpita mwenzako. Akiishia njiani, unalipa hatua moja juu yake, hata kama kikomo chako kiko mbali zaidi.

Anayeanza huwa haamini hilo. Anaogopa kuandika kikomo chake cha kweli, anakaa na simu akiongeza kidogo kidogo, na kila akipitwa anahisi ametukanwa. Hapo ndipo watu huumia. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kwamba kampuni zinazoshinda minada ya visima mara nyingi ni zile zilizokadiria vibaya kupita wengine. Wachumi wanaiita laana ya mshindi. Tiba yake ni ile nambari ya chaki mezani: umeiandika ukiwa umetulia, na ukiwa umechemka huruhusiwi kuifuta.

Jumanne usiku tukaweka kikomo, 30,000, dau likipanda kwa hatua za 500. Skrini ikaonyesha bei ya 24,000, sisi tukiongoza, maana aliyekuwa chini yetu alikuwa ameishia 23,500. Mnada ulikuwa unafungwa Alhamisi saa nane mchana. Masharti yalisema dau likiingia ndani ya dakika tatu za mwisho, saa inasukumwa mbele dakika tatu nyingine, ili mtu asiruke dakika ya mwisho akaiba. Hilo ni zuri kwa muuzaji na kwa anayedaiwa. Kwa mshindani ni mateso.

Alhamisi nilikuwa kwake Makongeni. Saa nane kasoro dakika mbili, nambari ngeni ikaingia. 24,500. Mashine ikatujibia, 25,000. Mgeni 25,500. Sisi 26,000. Ilienda hivyo, sisi hata hatugusi simu, hadi ikasimama 30,000 na jina letu juu. Saa ikasukumwa. Dada yangu alikuwa amesimamisha cherehani, mguu juu ya pedeli. Ikabaki dakika moja. Halafu: 30,500.

"Weka thelathini na moja," nikasema. "Ni elfu moja tu."

"Elfu moja, na kodi yake, halafu yeye anaweka nyingine," akasema. "Hii ni pesa ya chama. Nambari ni ile." Akaonyesha meza kwa kidole.

Saa ikafika sifuri. Mnada umefungwa. Akapumua, akarudi kwa sketi aliyokuwa anaipiga pasi. Jioni alibeba nguo kumi na nne kwa jirani kufungwa pindo, kama kawaida. Siku chache baadaye ile amana ya 5,000 ikarudi, na akaiweka mahali pale pale pa zile 40,000 kungoja orodha nyingine.

Nilikaa na historia ya madau kwa simu muda mrefu usiku ule. Kila dau liko pale na saa yake. Kama sisi hatungekuwepo, yule mgeni angehitaji kumpita tu aliyeishia 23,500. Angeichukua mashine kwa 24,000. Aliichukua kwa 30,500. Hizo 6,500 za katikati ziliwekwa hapo na dau lililoshindwa, na kulingana na masharti ya mkopo wa yule mama, zilienda kukata deni lake. Dada yangu hakupata ovaloki, na yule mama hakurudishiwa yake. Lakini alituomba tuitake kweli, na nambari iliyoandikwa kwa chaki ilikuwa ya kweli hadi shilingi ya mwisho.

Kwa hivyo ukiniuliza anayeanza afanye nini, nitakuambia yote ya hapo juu: leseni, masharti, kwenda kuona kitu, kuhesabu kutoka mwisho, kuandika kikomo na kukiheshimu. Halafu nitaongeza moja ambalo halimo kwenye masharti. Usiingie mnadani kutafuta kitu cha bure. Ingia na bei unayoamini. Ukishinda, umelipa haki. Ukishindwa, kuna mtu mahali fulani ambaye dau lako la pili limempunguzia mzigo, na pengine hata hajui nambari yako.